Mume wa Kwenye Kipaza Sauti

Huko milimani Gyeongsang Kaskazini, nchini Korea, mwanamume akionekana msemaji nyumbani kwake hudhaniwa ana homa. Tak Hongbae alizaliwa na kukulia huko, katika kijiji cha Saemgol, na kwa habari ya maneno hakumwaibisha baba yake wala babu yake. Siku aliporudi kutoka jeshini, baba yake alikuwa juu ya paa akiziba tundu. Mzee alimtazama kijana wake kutoka juu, begi begani, uso umeungua na jua, kisha akasema, "Shika ngazi." Hongbae akashika ngazi. Jikoni mama yake alijifuta machozi ya furaha, maana kwa wanaume wa nyumba ile hayo yalikuwa mapokezi makubwa.

Mke aliyempata alitoka upande wa pili wa nchi, Jeolla, pwani ya matope ya Beolgyo, ambako watu huongea hata wakiwa wamejaza chakula mdomoni. Jina lake Yeom Gwirye. Mshenga aliwakutanisha kwenye mkahawa mmoja mjini Andong. Hongbae, ndani ya suti ya kuazima iliyombana kwapani, alikunywa kahawa yake, akakisoma kisahani cha kikombe kama mtu anayetafuta jina lake, na zamu yake ya kusema ilipofika akauliza, "Baridi unaiweza?"

Gwirye alimjibu kwa muda wote uliobaki. Alimweleza baridi ya kwao inavyoingia mifupani, akamweleza shangazi yake aliyekuwa akichimba kombe kwenye matope hadi vidole vikafa ganzi, akaingia kwenye habari za harusi ya shangazi huyo na ugomvi uliotokea siku hiyo juu ya kichwa cha nguruwe. Mshenga alisinzia. Hongbae alipotoka nje alijikuta anatamani kurudi ndani aendelee kusikiliza. Jambo hilo hakumwambia mtu, hata Gwirye mwenyewe.

Walioana kabla theluji haijaanguka. Gwirye alikuja Saemgol na neno moja la kwao lililofanya kazi ya maneno yote. Sisi tungelisema nanihii. "Baba Seonok," alikuwa akiita kutoka jikoni, baada ya kumzaa binti yao Seonok, "hebu chukua ile nanihii uinanihii kwenye nanihii kabla haijananihii." Mama mkwe wake alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama bata akisoma gazeti. Lakini Hongbae alikuwa akiinuka bila kuuliza, anachukua kifuniko kilichoegemezwa ukutani, anaufunika mtungi wa mchuzi wa soya, na tone la kwanza la mvua linaangukia juu ya kifuniko. Hakuwahi kukosea. Majirani wakishindwa kumwelewa Gwirye walimfuata Hongbae, na hivyo mtu asiye na maneno akawa mkalimani wa mtu mwenye maneno mengi kuliko wote bondeni.

Uenyekiti wa kijiji aliupata kwa kunyamaza. Mwenyekiti wa zamani alihamia mjini kwa mwanawe, wazee wakakutana ukumbini, na kila aliyetajwa alikuwa na udhuru: huyu mgongo, yule macho, mwingine mama mkwe mgonjwa. Likatajwa jina la Tak Hongbae. Hongbae hakusema kitu. Wakasubiri kidogo, kisha wakapiga makofi.

Kazi kubwa ya mwenyekiti ilikuwa kutangaza. Katika chumba kidogo ubavuni mwa ukumbi kulikuwa na mashine ya kipaza sauti, kubwa kama sanduku la nguo, na nyaya zilizokwenda hadi kwenye nguzo zilizosimama kila pembe ya kijiji. Asubuhi ya kwanza mkewe alimsindikiza hadi mlangoni kwa huruma, kama anayempeleka mtoto shule. Hongbae aliketi, akabonyeza swichi, taa nyekundu ikawaka. Mbele yake ulikuwa ukuta na kalenda ya chama cha ushirika. Hapakuwa na uso wa mtu. Akasema, "A, a. Inasikika? Inasikika." Na maneno yaliyokuwa yamekaa kifuani mwake tangu utotoni yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, kama mbuzi wanaotoka zizini.

Alitangaza mbolea iliyofika. Kutoka mbolea akaingia kwenye mvua, kutoka mvua akaingia kwenye vitunguu saumu vya mwaka ule wa mafuriko, na kutoka hapo akaifikia tabia ya mbwa wa kijiji ambao hakutaka kuwataja wenyewe kwa majina. Gwirye alikuwa bustanini akipalilia. Aliinua uso, akaitazama nguzo kwa muda, kisha akamgeukia jirani yake.

"Umesikia, dada? Mie mwenzenu nikitaka kumsikia mume wangu, inabidi nitoke nje."

Jirani huyo alikuwa mjane aliyeitwa Mama Punggi, kwa kuwa huko wanawake huitwa kwa jina la kwao, na kwao kulikuwa Punggi. Sikio lake moja lilikuwa halifanyi kazi, na alichokikosa kwa sikio alikijaza mwenyewe kwa akili.

Hongbae alitangaza kwa miaka, na si kila tangazo lilifika salama. Ipo siku wauguzi walikuwa wanakuja kuwachanja wazee mafua, na siku hiyohiyo daktari wa mifugo anakuja kuwachanja ng'ombe. Matangazo mawili yakagongana mdomoni. "Wazee wote wa miaka sitini na tano na kuendelea wafungwe zizini mapema," alisema kwa sauti ya heshima, "na ng'ombe waje zahanati wakiwa na vitambulisho." Bong Chilsu, mfugaji, rika lake tangu darasa la kwanza, alimleta ng'ombe wake zahanati kwa makusudi, kitambulisho kimening'inia shingoni, akapanga foleni nyuma ya bibi kizee mmoja. Gwirye alicheka hadi akashika mti. Usiku ule wakila, masikio ya Hongbae yalikuwa mekundu, na Gwirye akamwongezea supu.

Kisha Seonok, aliyeolewa mjini Incheon, akajifungua mapacha. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, Gwirye akafunga mzigo kwenda kumlelea. Ilikuwa akae mpaka watoto watambae. Walipotambaa ikawa mpaka watembee. Walipotembea ikaonekana wakati wa kutembea ndio wa hatari zaidi, basi ikawa mpaka waweze kusema wanaumwa wapi. Hongbae aliyapokea yote hayo kwenye simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula."

"Kijijini vipi?"

"Upepo."

"Haya basi."

"Haya."

Na simu inakatwa. Alikuwa akibaki ameishika mkononi ikiwa bado na joto. Mambo aliyotaka kusema hayakuwa makubwa. Alitaka kusema kwamba ndege wamejenga juu ya mlango wa ghala. Alitaka kusema kwamba juzi alijikuta amesimama katikati ya ua, mbele ya mitungi, hajui amefuata nini, mpaka alipokumbuka kwamba hakutumwa na mtu. Lakini sauti ya mkewe ikiingia sikioni, kilichotoka mdomoni kilikuwa upepo tu.

Seonok alisikia kwamba baba ameunguza sufuria tatu, akamtumia kwa posta sufuria ya umeme, ya kisasa, inayoongea. Ilikuwa na sauti ya mwanamke wa makamo, mpole, aliyesoma. Ilimwonya mvuke ulipokaribia kutoka. Wali ulipoiva ilimwambia, na ikamwomba afunue akoroge. Wiki ya kwanza Hongbae aliiona kero. Baadaye akaanza kuijibu. "Haya," alikuwa akiiambia, na anakoroga.

Asubuhi moja mwanzoni mwa vuli, wakati pilipili zimeanikwa kila mahali na bonde zima ni jekundu, Hongbae alikwenda ukumbini kutangaza kwamba lori la kununua pilipili kavu linakuja. Upepo ulikuwa mkali. Alitangaza, akaongeza mawili matatu kuhusu magunia, akashukuru, akanyamaza. Lakini swichi hakuizima.

Alikuwa na neno lake siku hiyo. Tangu alfajiri aliazimia kwamba leo atampigia mkewe na kusema kama watu wanavyosema. Na kwa kuwa pale mbele ya ukuta na kalenda ndipo mahali pekee duniani ulimi wake ulipokuwa mwepesi, aliona afanye mazoezi kwanza. Akaiweka simu juu ya meza. Akakohoa.

"Mama Seonok. Ni mimi." Akasita. "Hapana. Mama Seonok, habari za huko. Sikiliza, nina jambo."

Nje, bonde lote lilimsikia. Wanawake waliokuwa wakigeuza pilipili waliinua vichwa. Bong Chilsu alizima trekta.

"Hii nyumba tangu uondoke imekuwa kama mtungi mtupu, ukikohoa inakujibu. Asubuhi nasikiliza kama umeshaamka, halafu nakumbuka. Mwanamke pekee anayeniambia chakula tayari siku hizi ni hii sufuria ya Seonok. Inaniambia wali umeiva, koroga, nami nakoroga. Ina sauti nzuri, siisemi vibaya. Lakini hainitumi. Natamani mtu anitume. Natamani niambiwe lete nanihii, nami nilete. Ile siku ya Andong mkahawani, nilikuwa sitaki uache kusema. Sikukwambia. Nilidhani unajua. Baadaye nikaona tumeshazeeka, nitaanzia wapi. Rudi, Mama Seonok. Au usirudi, watoto wana haki yao. Lakini ujue tu."

Akavuta pumzi. Ilikuwa imetoka vizuri. Akachukua simu haraka kabla maneno hayajapoa, akabonyeza, na kijiji kikasikia upande mmoja wa mazungumzo.

"Mimi hapa."

Kimya.

"Umekula?"

Kimya.

"Nimekula. ... Upepo. ... Haya."

Halafu ikasikika pumzi ndefu, na sauti ya chini, ya mtu aliyejichoka mwenyewe: "Bwege wewe, Hongbae."

Hapo ndipo bonde lilipoangua kicheko. Hongbae alikisikia kicheko hicho kwa mbali, kutoka kila upande, akadhani labda mbuzi wa mtu amepanda juu ya paa. Bong akaingia bila kubisha, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, tangazo limeeleweka," alisema. "Ila hukusema lori linafika saa ngapi."

Hongbae akatazama mashine. Taa nyekundu ilikuwa ikimtazama. Akanyoosha mkono, akaizima, akabaki ameketi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Wote?" akauliza.

"Wote. Hata wa kule ng'ambo ya mto, upepo ulikuwa wa kwao." Bong akakaa kwenye kiti cha pili. Hakucheka tena. "Mke wangu kaacha pilipili, kaja hadi kwenye trekta kuniuliza mbona mimi simwambii hivyo. Umeniharibia siku, bwana."

Kwa siku ile Hongbae hakupita barabarani. Alipita kwenye matuta ya mashamba, ameinama. Hata hivyo watoto wa jirani walimwona, wakamwamkia kwa adabu zote: "Mzee, umekula?"

Upepo ule uliokuwa wa watu wa ng'ambo ya mto haukuwa wa Mama Punggi. Yeye alikuwa tuta la juu kabisa, sikio lake zima limeelekea mlimani, na hotuba ilimfikia vipandevipande. Alisikia "mwanamke". Alisikia "chakula tayari". Alisikia "sauti nzuri", na mwishoni akasikia "rudi au usirudi". Mengine akayajaza. Aliposikia bonde zima linacheka, aliona watu wa siku hizi hawana haya. Akaketi palepale juu ya gunia, akampigia simu Gwirye.

Siku ya pili yake, jua likielekea kuzama, Hongbae alikuwa nyuma ya nyumba ananawa miguu. Alisikia kama lango limelia. Alipozunguka kona, ndala mkononi, alimwona mkewe amesimama katikati ya ua, begi limeshikwa kwa mikono miwili, nywele zimetimka kwa safari ya basi, macho yamekazwa kwenye dirisha la jikoni.

"Mama Seonok," akasema.

"Nani yumo ndani?"

"Hamna mtu."

"Nimemsikia kwa masikio yangu, Baba Seonok. Kasema mvuke unatoka."

"Ndiyo, unatoka."

"Nimeuliza ni nani."

Hongbae alifikiri. Swali lilikuwa rahisi, lakini furaha ya kumwona ilikuwa imemchanganyia maneno.

"Katumwa na Seonok," akasema. "Kwa posta."

Gwirye akalitua begi chini taratibu. "Binti yangu mwenyewe. Kamtuma mwanamke kwa posta."

Na kutoka jikoni, kwa upole na ufasaha wa mtu wa mjini, sauti ikasema: "Wali umeiva. Tafadhali funua, ukoroge wali wako."

"Haya," akajibu Hongbae kwa mazoea.

Gwirye alimtazama mumewe, akatazama dirisha, akavua viatu, akaingia. Alikaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa na mwiko mkononi wenye punje za wali, akaketi ukingoni mwa baraza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukoma pale kicheko kilipokoma. Hongbae alisimama mbele yake na ndala zake. Alitaka kuketi karibu naye. Akaenda kuchukua begi, akalipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Kichwa cha Mama Punggi kikachomoza juu ya ukuta. "Yuko wapi? Mimi nimeshika ufagio."

"Rudi nyumbani, dada," akasema Gwirye. "Utakuja kula naye kesho, anapika vizuri."

Wakala pamoja, wali na supu ya maharage na samaki mkavu alioleta Gwirye. Aliyekuwa akisema ni yeye: mapacha, ngazi za jengo lile zisizo na mwisho, mkwe anayekoroma, mboga za mjini zisizo na harufu. Hongbae alikula taratibu ili chakula kisiishe.

"Sasa," akasema Gwirye, "Mama Punggi alisikia vibaya. Kabla hatujala nilipita kwa Bong, kaniambia kidogo. Ulisema nini?"

"Lori la pilipili."

"Na baada ya lori?"

"Magunia."

"Baba Seonok. Kijiji kizima kimeyasikia maneno yangu. Mimi mwenyewe ndiye sijayasikia. Hiyo ni haki?"

Hongbae alifungua mdomo. Mbele yake ulikuwa uso aliokuwa akiutamani kila asubuhi, una mikunjo ambayo hakuwa ameiona ikizaliwa. Akatafuta neno la kwanza, akaona likipatikana hilo mengine yatafuata. Halikupatikana. Akamsogezea bakuli la kimchi, kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili.

Gwirye akala kimchi, hakuuliza tena.

Alikaa siku chache. Walikata ufuta pamoja, wakaufunga mafungu, wakaegemeza ukutani ukauke. Alisafisha friji, akafungua kila mtungi na kuusemesha. Alipiga kelele kutoka jikoni, "Baba Seonok, ile nanihii," na Hongbae, aliyekuwa mbali nyuma ya ghala, alikuja mbio na kamba, na kamba ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Alirudi ghalani akiwa na mwendo wa kijana. Majirani nao walipita mmoja mmoja kumpa Gwirye habari ya tangazo, na kila mmoja alikuwa na lake. Mke wa Bong alisema mwenyekiti alilia. Bibi wa ng'ambo ya mto alisema alitishia kuichoma nyumba. Bong mwenyewe aliapa kwamba kulikuwa na wimbo.

Asubuhi ya kuondoka walishuka pamoja hadi kituo cha basi, Hongbae mbele na begi, Gwirye nyuma akizungumza. Mama Punggi alikuwapo kuaga, na chupa ya mafuta ya ufuta ya kumpelekea Seonok. Kituo kiko chini kidogo ya ukumbi, chini ya nguzo ya kwanza. Walisimama. Gwirye akaishiwa na habari, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Watoto wakishaanza shule ya chekechea," akasema, "nitarudi."

"Hm."

"Huenda likawa la mwakani. Huenda likasogea."

"Hm."

Gwirye aliitazama barabara tupu, kisha akamtazama mumewe, kola yake, ndevu zake zilizonyolewa vibaya upande mmoja. "Baba Seonok, nenda ukumbini," akasema.

"Kufanya nini?"

"Nenda ukae mbele ya ukuta wako. Mimi niko hapa. Sitakutazama, nitaitazama hii nguzo. Nimekuja kutoka Incheon kwa ajili ya maneno, siwezi kurudi na mafuta ya ufuta tu."

Hongbae alisimama kama hakusikia. Kisha akaweka begi chini, akapanda kilima. Akaketi mbele ya kalenda, akabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka. Kupitia dirisha dogo aliweza kuiona barabara, kituo, na wanawake wawili.

"A, a. Inasikika," akasema, na kuanzia milimani hadi mtoni kijiji kikaacha kazi. "Wakazi wa Saemgol, hili ni tangazo la mtu mmoja. Wengine endeleeni na shughuli zenu."

Hakuna aliyeendelea.

"Mama Seonok, uliyeko kituoni. Ile siku nilikuuliza baridi unaiweza. Nilikuuliza kwa kuwa niliogopa utakuja huku uteseke. Sijakuuliza tena tangu siku hiyo. Nilipaswa kukuuliza kila mwaka." Akameza mate, na kijiji kizima kikasikia akimeza. "Sina ufasaha. Ninayoyasema humu kila siku, ya mbolea na ya mbwa, nilikuwa nikiyasema kwa sababu najua uko bustanini unasikia. Sasa hupo, nami bado natangaza kuelekea bustanini. Nakusubiri. Sikuharakishi. Watoto wakue vizuri. Lakini nakusubiri kila siku, na siku nisipopiga simu ndiyo siku ninayokusubiri zaidi, maana ndiyo siku niliyokuwa na mengi ya kusema."

Basi lilikuwa limefika. Dereva, mtu wa mjini asiyejua lolote, alikuwa amezima injini na kutoa kichwa dirishani. Hongbae aliona kupitia kioo mkewe akiinua uso kuelekea ukumbini, si nguzo tena. Midomo yake ilisogea. Alisema kitu, kifupi. Kisha akachukua begi na chupa, akapanda, mlango ukafungwa, na basi likashuka kona ya mto.

Kipaza sauti hupeleka maneno, hakileti. Hongbae alizima mashine, akahakikisha swichi kwa vidole viwili, akatelemka kilima haraka kuliko magoti yake yalivyotaka. Kituoni alimkuta Mama Punggi anajifuta pua.

"Kasemaje?" akauliza.

"Nani?"

"Mke wangu. Alipokuwa anapanda."

Mama Punggi aligeuza sikio zima. Akarudiwa swali.

"Aa. Kasema nanihii."

"Nanihii gani?"

"Kasema hivyohivyo. 'Nanihii.' Mimi kwani nilimwelewa lini?"

Hongbae alisimama akiitazama ile kona ya mto. Vumbi la basi lilikuwa halijatua. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jibu kamili, akamshukuru Mama Punggi, akaenda shambani. Bong alikuwa anamngojea kwenye tuta, na kwa mara ya kwanza katika urafiki wao hakumtania. Walichuma pilipili bega kwa bega hadi mchana.

Alasiri simu ilitetemeka mfukoni. Gwirye alisoma madarasa machache tu na aliandika kama alivyosema, herufi zikipotea njiani, na kwa kawaida hakuandika kabisa. Hongbae aliisogeza simu mbali na macho.

"Nimefka. Incheon mvua kuubwa. Funka ufuta."

Juu ya Saemgol mbingu ilikuwa safi, buluu ya vuli, bila hata wingu la ukubwa wa kofia. Mvua za nchi ile huanzia baharini magharibi, upande wa Incheon, na huchukua muda kuifikia milima. Hongbae aliacha pilipili, akaenda nyumbani. Akatoa turubai ghalani, akayafunika mafungu yote ya ufuta ukutani, akakandamiza pembe kwa mawe. Bong, aliyekuwa akipita na trekta, akatazama juu, akatazama turubai, akaona bora asiulize.

Kisha Hongbae akaketi barazani, uso ameuelekeza magharibi, akaingoja ile mvua iliyokuwa imeanza kunyeshea kwa mkewe.